Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya elimu na mipango: wanafunzi wa uchumi waipime nchi yao

Kwa Waziri mwenye dhamana ya elimu, Waziri mwenye dhamana ya mipango, Tume ya Vyuo Vikuu, Bodi ya Mikopo, makamu wakuu wa vyuo vyetu, na wakurugenzi wa halmashauri zote 184 za Tanzania Bara.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kutoka mkoani Njombe, ambako nafundisha Uchumi kidato cha tano na cha sita. Kila mwaka, matokeo yakishatoka na dirisha la maombi ya vyuo likifunguliwa, simu yangu haipumziki. "Mwalimu, shikamoo. Nimepata daraja la kwanza, nina EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati). Niombe Uchumi au Uhasibu? Uchumi unapeleka wapi?" Nyuma ya mtoto unasikia mzazi akinong'ona: muulize kama kuna ajira.

Nina miaka kumi na minne nikiulizwa swali hilo, na kwa miaka mingi nililijibu vibaya. Nilijibu kama nilivyojibiwa mimi enzi zangu: Benki Kuu, Hazina, TRA, mashirika ya kimataifa. Nikawatolea mfano wa marehemu Profesa Benno Ndulu, aliyefundisha Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akauongoza mtandao wa utafiti wa uchumi wa Afrika ulioko Nairobi, kisha akawa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018. Mfano ni wa kweli, na bado naupenda. Lakini gavana ni mmoja, na watoto wanaonipigia simu ni wengi. Wakienda chuo wanarudi, na wakirudi nawatazama usoni. Ndiyo maana naandika.

Miaka mitano iliyopita nilichoka kufundisha bei kwa kuchora mistari miwili inayokatana ubaoni. Nikaazima mizani ya kuning'iniza kwa mnunuzi mmoja wa mahindi, nikawachukua wanafunzi kumi na wawili wa kidato cha sita, tukaenda gulioni siku ya Alhamisi. Msimu wa viazi ulikuwa umekolea. Tulimkuta mama mmoja amesimama pembeni ya barabara na magunia yake sita, dalali anamalizia kushona la saba. Gunia lilikuwa limejaa hadi mdomoni, kisha mdomo ukaongezewa wavu, na viazi vikapandishwa humo kama kichuguu. Ndiyo lumbesa, kila mtu huku anaijua.

Tuliomba ruhusa, tukafunga mizani kwenye tawi la mlingoti, vijana wanne wakalinyanyua gunia. Mshale ukasimama kwenye 132. Tulirudia mara mbili, maana kijana aliyekuwa anaandika hakuamini. Bei ya siku ile ilikuwa shilingi 60,000 kwa gunia. Kanuni za vipimo haziruhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100, kwa hiyo kwa kanuni ile bei ilikuwa shilingi 600 kwa kilo. Aliyolipwa mama yule haikufika 455. Kilo 32 zilipanda gari bure, sawa na shilingi 19,200 kwa kila gunia.

"Mama, msimu huu umeuza magunia mangapi?" binti mmoja akamuuliza.

"Arobaini, mwanangu, pamoja na haya."

Binti akapiga hesabu kwa kalamu kiganjani, akanyamaza, akanionyesha mkono: 768,000. Kwa nyumba ya mkulima, hiyo ni sehemu kubwa ya ada ya mtoto chuoni kwa mwaka.

Kijana mwingine akauliza kilichokuwa kinatukereketa sote: mama, kwa nini unakubali? Akajibu bila hasira. "Nikikataa mimi, jirani anakubali. Na gari likiondoka, viazi vinaota."

Waheshimiwa, majibu hayo mawili yana mada nzima ndani yake. Wauzaji wengi na mnunuzi mmoja mwenye gari. Bidhaa isiyosubiri. Kipimo kinachotumika kushusha bei bila bei kutajwa. Vitabu vyetu vinasema bei hupangwa na ugavi na mahitaji, na ni kweli, ila havisemi kwamba unaweza kuiacha bei palepale ukalichezea gunia. Turudipo shuleni tulipita geti la mazao. Pale ushuru ulikuwa unatozwa kwa idadi ya magunia, kwa hiyo gunia la kilo 132 lilipita kama gunia la kilo 100, na halmashauri nayo ikapunjwa. Ushuru wa mazao ya chakula ni asilimia 2 ya thamani, lakini thamani itajulikanaje kama uzito haujulikani? Na mapato ya ndani ya halmashauri ndiyo yanayotengewa asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mama yule alipunjwa pale barabarani, kisha akapunjwa tena kwenye mfuko ambao angeweza kwenda kuukopa.

Wanafunzi wangu walirudi wakibishana njia nzima. Sijawahi kuona darasa la Uchumi likibishana namna ile.

Yule binti wa kiganjani alikwenda chuo kikuu kusoma Uchumi. Alihitimu vizuri. Aliponitembelea baada ya mahafali, tukakaa barazani, nikamuuliza: "Katika miaka mitatu, mlikwenda kupima nini?" Akafikiri kidogo. "Hatukwenda, mwalimu. Tulisoma."

Jibu hilo liliniuma kwa sababu mimi mwenyewe nilipita njia hiyohiyo. Chuo nilichosoma sitakitaja, na walimu wangu walikuwa watu wenye juhudi, darasa limejaa hadi wengine wanakaa madirishani. Tulikokotoa mahitaji ya bidhaa X na bidhaa Y ambazo hazikuwahi kupata jina. Tulijifunza mkunjo wa Phillips, uliochorwa mwaka 1958 kwa takwimu za Uingereza za kuanzia 1861 hadi 1957, unaoonyesha uhusiano wa mishahara na ukosefu wa ajira. Sisemi usifundishwe. Ni wazo zuri, na anayetaka kuwa mchumi lazima alijue. Nilichokosa ni siku moja tu ya kuambiwa: haya, leo fungueni takwimu za Tanzania muone kama mkunjo huu unasimama. Tungegundua mapema kwamba hata neno "ukosefu wa ajira" linabadilika likifika kwetu, kwa sababu mama anayekaanga maandazi saa mbili asubuhi, akalima mchana, akauza mkaa jioni, kwenye dodoso anahesabiwa ana kazi, na ukimuuliza mwenyewe anakwambia anahangaika tu. Hapo ndipo mchumi anapoanza kufikiri.

Fildi yangu, yaani mafunzo kwa vitendo, ilikuwa wiki nane katika ofisi moja ya umma. Nilitoa fotokopi na kupeleka majalada ghorofa ya pili. Ripoti niliyowasilisha niliinakili kwenye desa, yaani kazi ya wenzetu wa mwaka uliotangulia, na nikapata alama nzuri. Naona aibu kuliandika hili, lakini naliandika kwa sababu vijana ninaowapeleka vyuoni wananisimulia kwamba bado mambo ni yaleyale. Mwanafunzi hana cha kufanya ofisini, msimamizi hana muda wa kumpa cha kufanya, na chuo kinataka fomu iliyogongwa mhuri.

Kilio hiki si cha Njombe peke yake. Juni 2000 wanafunzi wa uchumi huko Paris waliandika barua ya wazi wakisema wanafundishwa hesabu zisizoigusa dunia wanayoishi. Mwaka 2014 vyama vya wanafunzi wa uchumi kutoka nchi mbalimbali vikaandika nyingine. Wao walikuwa wanadai nadharia nyingine zaidi ya ile moja waliyolishwa. Mimi naanzia nyuma zaidi: nadai nchi.

Na nchi ipo, imeshapimwa! Hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Barua hii naiandika kwenye kishikwambi kilichotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022. Baada ya sensa serikali ilivigawa vishikwambi kwa walimu, na nashukuru kwa dhati. Kifaa hiki kilipita milangoni kwa watu kikiuliza umri, elimu, kazi, maji, choo, nishati ya kupikia. Tulihesabiwa watu 61,741,120. Idadi ya watu kata kwa kata imewekwa wazi na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Siku niliyowaonyesha wanafunzi idadi ya watu wa kata yao walishangilia kama wameona nyumbani kwao kwenye televisheni. Hakuna aliyewahi kuwaambia kuwa namba zile zinafunguka.

Lakini habari iliyonifanya nishike kalamu ni ya Kagera. Kati ya 1991 na 1994, wakati ukimwi unateketeza familia za mkoa ule, watafiti wa Benki ya Dunia na wa Muhimbili walihoji kaya zaidi ya 900, wakirudi mara kwa mara, ili kujua nyumba inafanyaje mtu mzima anapofariki. Mwaka 2004 watafiti wakarudi tena, safari hii wakimtafuta kila mtu aliyekuwa ameandikwa mwanzoni, popote alipohamia, hata kama amevuka mpaka kwenda Uganda. Mwaka 2010 wakarudia. Kwa kuwafuata watu walewale iliwezekana kulinganisha ndugu na ndugu waliolelewa nyumba moja, mmoja akahama na mwingine akabaki. Ilionekana kwamba kati ya 1991 na 2004 matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi kuliko ya wenzao waliobaki. Fikirini mjadala wa darasa juu ya namba hiyo peke yake: je, kuhama ndiko kulikowainua, au waliohama walikuwa tayari wana kitu? Na kama kuhama kunalipa hivyo, kwa nini wengi hawahami?

Mkoani humohumo kuna kijiji kinaitwa Nyakatoke. Mwaka 2000 kaya zake zote 119 ziliulizwa swali ambalo bibi zetu wangelielewa mara moja: ukipatwa na shida unamtegemea nani, na nani anakutegemea wewe? Majibu yakachorwa kama utando, nani kashikamana na nani. Utando ule umetumiwa na wachumi wa vyuo vya mbali kujenga nadharia za bima ya kienyeji na za mitandao ya watu. Ni ujamaa wa damu na jirani, umeandikwa kwa namba. Wanafunzi wa Ulaya wameshauchambua kwenye kompyuta zao.

Mimi nilizijua habari hizi nikiwa nimepita miaka thelathini na tano, nikizisoma kwenye simu usiku umeme umekatika. Nilikuwa na shahada ya Uchumi ya chuo cha Tanzania na sikuwahi kulisikia jina la Nyakatoke. Nilishika kichwa. Nilijihisi kama mtu anayeletewa na mgeni picha ya mama yake.

Takwimu za Kagera ziko wazi, hazilipiwi. Zile za utafiti wa kaya ambao Ofisi ya Taifa ya Takwimu iliuanza mwaka 2008/09 kwa kaya 3,265 nazo zinapakuliwa na yeyote anayejaza maombi mafupi. Mwanafunzi wa mwaka wa pili mwenye kompyuta ya mkopo na programu ya R, ambayo ni ya bure, anaweza kuzifungua leo. Kinachokosekana ni mhadhiri aliyepewa nafasi ya kusema: somo la ekonometriki, yaani kupima uchumi kwa takwimu, muhula huu tutalifanya kwa kaya hizi, na kila mmoja atachagua mkoa wake. Wahadhiri wenye hamu hiyo wapo, nimekutana nao. Wanasema mtaala ukishapitishwa kuugusa ni safari ndefu, na darasa la mamia halisahihishiki kwa namna hiyo bila wasaidizi. Hayo mnayaweza ninyi.

Tazameni pia korosho. Kule Mtwara, tangu mfumo wa stakabadhi ghalani (mkulima huweka mazao ghalani na kupewa risiti) uanze msimu wa 2007/08, korosho huuzwa kwa mnada, wanunuzi wakiweka bei zao na wakulima kupitia AMCOS, vyama vyao vya ushirika wa mazao, wakikubali au kukataa. Mwaka 2018 mnada ukakwama kwa sababu wakulima walizikataa bei, hadi serikali ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mwaka 2020 Paul Milgrom na Robert Wilson walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi yao juu ya minada: utaratibu upi humlinda muuzaji, upi huwapa wanunuzi mwanya wa kula njama, kwa nini mshindi wa mnada wakati mwingine hujuta. Nadharia ya dunia na ghala la Tandahimba vinakutana hapo. Nani amekaa pale na daftari akiandika bei zilizowekwa, mnada baada ya mnada? Mtoto wa Newala anayesoma Uchumi mwaka wa tatu angekuwa ndiye, likizo yake yote, na asingehitaji mkalimani.

Sasa nirudi kwenye swali la kwenye simu. Uchumi unapeleka wapi?

Siku hizi nawaambia ukweli. Nawaambia kwamba shahada hii haina mlango mmoja wenye jina lake kama udaktari. Serikalini utaajiriwa kama Mchumi Daraja la II au Afisa Mipango, na nafasi ni chache kuliko waombaji. Usaili mmoja utakuta watu wamejaa ukumbi. Wako waliokwenda benki wakawa maafisa mikopo, na anayejua kusoma mzunguko wa fedha wa duka la mtu anapanda haraka. Wako wanaokusanya takwimu kwa mashirika ya utafiti, kazi ya miezi mitatu hapa, miwili pale, na humo ndimo nimeona vijana wakikomaa kuliko popote. Mwanafunzi wangu mmoja anatunza hesabu za AMCOS na amewaonyesha wanachama kiasi wanachokatwa na kinakoishia. Mwingine amefungua duka la pembejeo. Wawili wanajitolea kufundisha shule za kata. Mmoja anaendesha bodaboda, ana GPA ya 3.9, na tukikutana ananiuliza mfumuko wa bei wa mwezi umefika ngapi.

Nawaambia pia kuhusu hesabu, kwa kuwa hili linawaumiza wengi. Mtoto wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) aliyesoma BAM, yaani hesabu za msingi za kidato cha tano na sita, kwa kusukumwa anafika mwaka wa kwanza anakutana na kalkulasi na matriki, muhula wa kwanza supu, yaani mtihani wa marudio, wa pili anadisko, anaondolewa chuoni. Hajakosa akili. Hakuna aliyemwambia mapema kwamba Uchumi wa chuo kikuu ni mkate uliokandwa kwa hesabu. Wiki sita za maandalizi ya hesabu kabla ya mwaka wa kwanza zingewaokoa wengi, na zingegharimu kidogo kuliko kumsomesha mtu mwaka mzima kisha ukamrudisha kwao.

Hata hivyo, jibu langu ni la mwalimu mmoja mwenye wanafunzi anaowakumbuka. Jibu kamili liko kwenu. Bodi ya Mikopo humkata mnufaika aliyeajiriwa asilimia 15 ya mshahara, na makato hayo yanaletwa na mwajiri. Maana yake serikali inajua, kwa kila mnufaika anayekatwa, alisoma nini, alihitimu lini, na yuko sekta gani. Pia inajua nani hajaonekana kwa mwajiri yeyote miaka mitatu baada ya kuhitimu. Ondoeni majina, jumlisheni kwa kozi na kwa mwaka, mtangaze kila Julai kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Haitawagusa waliojiajiri wala waliosomeshwa na wazazi, na hilo lisemwe wazi pembeni ya jedwali. Mzazi anayenong'ona nyuma ya simu ana haki ya kuliona jedwali hilo. Ninyi mnamkopesha mtoto wake fedha. Mwonyesheni njia zilizopitwa na waliokopeshwa kabla yake.

Kwa wakurugenzi wa halmashauri nina ombi la karibu zaidi. Kila halmashauri ina watu wa mipango wachache wenye kazi kubwa: bajeti, taarifa za robo mwaka, ziara za viongozi. Vijiji vyetu vina mipango iliyoandikwa kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo, ambao wanakijiji wenyewe hushiriki kupanga, mingine imelala kabatini tangu iandikwe. Kama kila halmashauri ingepokea wanafunzi watano tu wa Uchumi kila mwaka, wangekuwa 920 nchi nzima. Wapeni kazi yenye jina. Wapime magunia mia kwenye geti la mazao na kukokotoa ushuru unaopotea. Wafuatilie vikundi vilivyopewa mkopo wa asilimia 10 miaka miwili iliyopita, waone nani amerejesha, nani amekwama na kwa nini. Waandike bei za sembe, maharage na mafuta ya kupikia katika magulio matatu kwa wiki nane mfululizo. Mwisho wa fildi mkurugenzi awe na kitu mezani ambacho hakikuwepo, na mwanafunzi apewe alama kwa kitu hicho, si kwa mhuri. Kisha Sekretarieti ya Ajira iihesabu kazi hiyo kama uzoefu, maana tangazo linalomtaka kijana wa miaka ishirini na minne awe na uzoefu wa miaka mitatu linamtaka awe amefanya kazi ambayo hakuna aliyempa.

Kuna jambo la lugha ambalo siwezi kuliacha. Mwanafunzi anamhoji mkulima kwa Kiswahili, pengine kwa Kibena, anaandika tasnifu kwa Kiingereza, tasnifu inapangwa maktaba. Mkulima aliyepoteza nusu siku akijibu maswali hapati hata ukurasa. Sishughuliki leo na ubishi wa lugha ya kufundishia, ni mkubwa kuliko barua hii. Naomba kitu kimoja ambacho hakihitaji sheria mpya: kila tasnifu ya Uchumi iambatane na kurasa mbili za Kiswahili, na kurasa hizo zisomwe kwenye mkutano wa kijiji ilikotoka. Mwanafunzi atakayelazimika kumweleza mama wa viazi unyumbufu wa mahitaji ni nini, yaani mahitaji yanavyobadilika bei ikibadilika, na mama akaelewa, huyo amelielewa somo.

Mwezi Julai 2025 Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050 ilizinduliwa Dodoma. Niliileta darasani. Inataka uchumi wetu ufike dola trilioni moja mwaka 2050, na kipato cha mtu kifike dola 7,000 kwa mwaka. Nikawaambia wanafunzi: tuna miaka ishirini na mitano, na tunaanzia karibu dola bilioni 80, kokotoeni tunahitaji kukua kwa kasi gani. Walichukua logi zao, baada ya muda wakapata zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Mwaka 2024 tulikua kwa asilimia 5.5. Darasa likatulia. Kisha mkono ukanyanyuka nyuma kabisa, kijana mmoja mpole ambaye huwa hasemi.

"Mwalimu, hizo trilioni ni dola za mwaka gani? Maana dola ya 2050 haitakuwa hii."

Nilimwomba asimame alirudie ili wote walisikie, kwa sababu sehemu ya ile asilimia 10 itakuwa ni bei kupanda tu, na alikuwa ameliona mwenyewe bila kuambiwa. Mwaka huu amemaliza kidato cha sita. Ameomba Uchumi katika vyuo vitatu. Atakuwa na miaka arobaini na minne mwaka 2050 ukifika.

Mizani tuliyoazima ilirudi kwa mwenyewe, lakini wazazi walichanga na shule sasa ina yake. Gulio letu ni kila Alhamisi, na msimu wa viazi ukianza tunakuwa pale kuanzia saa mbili asubuhi. Ofisa yeyote kati yenu, au mhadhiri yeyote anayetaka kuleta darasa lake, aje. Nafasi ya kuegesha gari ipo karibu na ile milingoti.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Uchumi, kidato cha tano na sita
Njombe